Nyumba Ndefu Ipumuayo Usiku

Siku hizi mtu akisafiri katika nchi zetu, mji wo wote afikao huona majumba marefu yakiinuka. Chini huwa ni maduka na benki, katikati ni ofisi, na pengine juu kabisa hukaa watu na jamaa zao. Jambo hili si baya. Ardhi ya mjini ni ghali, watu ni wengi, na asiyeweza kupanuka hapana budi apande juu. Vyama vya ushirika, halmashauri za miji, mifuko ya wazee, hata na jumuiya za dini, wote wataka jengo la kitega uchumi, wapate kodi ya kuendeshea kazi zao.

Lakini sisi tukiisha kuliona jengo husifu urefu wake na vioo vyake, kisha twaenda zetu. Ni wachache waulizao: Je, nyumba hii yala nini kila siku? Maana nyumba ndefu nayo ina tumbo. Yala umeme wa taa na lifti, yala maji, na kuliko vyote yala umeme wa mitambo ya kupoza hewa, ambayo vipuri vyake vyatoka ng'ambo na vyanunuliwa kwa fedha za kigeni. Mimi ni karani, na kazi ya karani ni kuandika yaingiayo na yatokayo. Kwa hiyo nionapo jengo jipya, wazo langu la kwanza ni hesabu ya umeme.

Najua jengo moja la orofa, mji sitautaja, lililovikwa vioo mbele na nyuma kama taa ya chemli. Umeme ukikatika mchana, makarani wa juu huteremka wote wakakaa chini ya mwembe ulio nje, wakingoja. Wenye maduka ya chini nao hufungua milango wakijipepea kwa magazeti. Jengo limesimama imara, halina ufa, lakini kwa saa hizo halifai kwa kazi liliyojengewa. Na wapangaji wakichoka, wahama.

Basi leo nataka kuwasimulia habari za nyumba nyingine, iliyo Harare katika nchi ya Zimbabwe, niliyoiona kwa macho yangu mwezi wa Oktoba 2019. Nyumba hiyo ni ya maduka na ofisi kama hizo zetu, nayo imejengwa bila viyoyozi.

Safari

Nilikuwa nakwenda kumtazama shemeji yangu, ndugu wa mke wangu, ambaye alikuwa akifanya kazi ya hesabu katika mji huo. Nalipanda basi Mbeya, tukavuka mpaka pale Tunduma tukaingia Nakonde, upande wa Zambia. Kutoka hapo njia yapita katika miombo mchana kutwa. Pande zote mbili waona vichuguu, vingine virefu kuliko mtu, vingine vipana hata wenyeji wamelima mahindi juu yake. Watu wa huko, kama sisi, hupenda kufyatua matofali kwa udongo wa kichuguu, kwa kuwa washikamana vizuri. Namwomba msomaji avitie moyoni vichuguu hivi, maana tutavihitaji mbele.

Tukapita Kapiri Mposhi, tukafika Lusaka. Toka Lusaka barabara yateremka milima kwa makona mengi mpaka bonde la Zambezi, mahali penye joto kama la tanuri. Hapo ndipo Chirundu, penye daraja na forodha. Upande wa juu wa mto huo ndiko liliko bwawa kubwa la Kariba. Ukuta wake wa zege una kimo cha mita 128, nao ulimalizika mwaka 1959. Zambia na Zimbabwe zote mbili hupata umeme kwa maji yake. Lakini mwaka ule wa 2019 mvua zilikuwa zimepungua sana, maji yameshuka, na Zimbabwe ilikuwa ikikata umeme kwa zamu. Mahali pengine ulikatwa hata saa 18 kwa siku. Jambo hili nalo likumbukwe, maana kipimo cha nyumba ni siku ya shida.

Baada ya Chirundu basi likaanza kupanda tena, tukapita Makuti, Karoi na Chinhoyi, na jioni tukaingia Harare. Mji huu, ambao mpaka mwaka 1982 uliitwa Salisbury, umekaa juu karibu mita 1,500 toka usawa wa bahari. Oktoba ni mwezi wake wa joto. Mijakaranda ilikuwa imechanua, na njia zimetandikwa maua ya rangi ya zambarau. Mchana jua lilichoma sawasawa. Lakini usiku nikajifunika blanketi. Wenyeji hawastaajabu, maana katika mji ule tofauti ya joto la mchana na la usiku huwa nyuzi 10 mpaka 14 za sentigredi. Nami sikujua bado ya kuwa blanketi langu lile ndilo ufunguo wa habari yote.

Nyumba yenyewe

Siku ya pili shemeji alinichukua kazini kwake. Jengo hilo laitwa Eastgate Centre, nalo liko katikati ya mji, penye barabara ya Robert Mugabe na ile ya Sam Nujoma ambayo zamani iliitwa Second Street. Lilifunguliwa mwaka 1996. Kwa kweli ni majengo 2 marefu ya orofa 9, yamelala sambamba toka mashariki kwenda magharibi, na katikati yake mna njia pana iliyofunikwa juu kwa vioo. Katika njia hiyo watu hupita wakinunua vitu. Juu yao mna madaraja ya chuma yaliyoning'inizwa, yanayounganisha upande huu na ule. Maduka yana eneo la mita za mraba 5,600, na ofisi mita za mraba 26,000, tena pana mahali pa kuweka magari 450. Si jengo refu kupita yote ya Harare, lakini si dogo.

Mtu aliyezoea kuta za vioo ataliona jengo hili la ajabu kwa nje. Kuta zake ni za matofali na zege, na zege lenyewe limesuguliwa mpaka mawe yake ya matale yakaonekana, likafanana na majabali ya nchi ile. Madirisha si makubwa, nayo yamekaa ndani kabisa, kila moja lina kivuli chake. Kila orofa imetokeza vipande vya zege vyenye meno meno, kama ngozi ya dungusi, na majani yatambaa juu yake. Na juu ya paa zimesimama dohani za matofali, 48 kwa hesabu, kama za kiwanda. Lakini hazitoi moshi.

Tukapanda mpaka ofisini kwa shemeji. Huko nje ilikuwa yapata saa 7 mchana na joto lake lote. Mle ndani palikuwa na ubaridi wa kadiri, kama wa chumba chenye kuta nene. Nikatazama huku na huku, sikuona mashine.

Nikauliza: "Shemeji, hewa hii yatoka wapi?"

Akanionyesha matundu yenye wavu chini ya dirisha. "Weka mkono hapo, shemeji." Nikaweka, nikasikia hewa yapita polepole.

Kisha akanionyesha dari. Haikuwa bapa kama dari zetu, bali ilikuwa ya zege lililokunjwa kama tao. "Hewa yaingilia chini, yapata joto letu sisi na mashine zetu, yapanda mpaka hapo darini, halafu yatoka kwa tundu lile kuelekea dohani."

"Na umeme ukikatika?"

"Feni zasimama. Lakini hewa yaenda yenyewe kidogo kidogo, kwa kuwa yenye joto hupanda. Twaendelea na kazi. Rafiki zangu walio katika majengo mengine hurudi nyumbani."

Jinsi ifanyavyo kazi

Msanifu wa nyumba hii ni Mick Pearce, aliyezaliwa katika mji uo huo mwaka 1938. Na hesabu za uhandisi zilifanywa na wahandisi wa Ove Arup. Mwenye jengo, kampuni ya bima ya Old Mutual, hakutaka gharama ya mitambo ya kupoza hewa, wala kutegemea vipuri vya kuagizwa. Basi wakajiuliza: Katika mji huu kuna kitu gani cha baridi kipatikanacho bure? Jibu likawa ni usiku.

Lakini usiku utauwekaje mpaka mchana? Hapo ndipo mifupa ya nyumba ilipopewa kazi ya pili. Kazi ya kwanza ya zege, kila mtu aijua, ni kubeba mzigo. Kazi yake ya pili ni kuwa ghala. Kitu kizito hupata joto polepole na hupoa polepole. Mama aliye na chungu kizito cha udongo aijua habari hii, maana chakula kikiisha kupata moto ndani yake hukaa na moto wake muda mrefu. Kipande cha zege chenye ukubwa wa mita moja kila upande chaweza kumeza joto zaidi ya mara 1,500 ya lile liwezalo kumezwa na hewa ya ukubwa uo huo, kwa kila nyuzi moja ya kupanda.

Sasa tufuate siku moja. Asubuhi nyumba ni baridi. Watu waingia, taa zawaka, kompyuta zafanya kazi, na jua lapiga nje. Joto hilo lote lamezwa na sakafu, dari na kuta, na kwa hiyo hewa ya chumbani hupanda joto kidogo tu. Wakati huo feni ndogo zavuta hewa safi toka ile njia ya katikati na kuisukuma ofisini, hata hewa ya chumba kizima yabadilishwa mara 2 kwa saa. Jioni ukifika, watu waenda zao na nje kwapoa. Hapo feni kubwa zaanza kazi, na hewa yabadilishwa mara 10 kwa saa. Hewa ile ya baridi ya usiku yapita ndani ya sakafu zenyewe, kwa maana sakafu hizo zina uwazi katikati, na ndani ya uwazi huo mmewekwa meno ya zege ili hewa ijigonge na kuyagusa vizuri. Yachukua joto la mchana na kulitoa kwa dohani. Alfajiri ghala ni tupu, tayari kupokea joto la siku mpya. Ndiyo maana nasema nyumba hii yapumua usiku.

Tena wahandisi waliweka masharti makali. Jua lisipige moja kwa moja juu ya kuta za nje. Upande wa kaskazini, ambao ndio wa jua katika nchi ile, madirisha yasizidi asilimia 25 ya ukuta. Na madirisha yasifunguliwe ovyo, kwa sababu ya kelele na upepo wa mji. Hewa yote ipite katika njia yake. Yale meno ya zege ya nje nayo yana sababu. Yatupa kivuli mchana, na usiku, kwa kuwa uso wao ni mpana, yatoa joto upesi kuelekea mbinguni.

Na faida yake? Wasanifu wameandika kwamba kuacha mitambo mikubwa kulipunguza asilimia 10 ya gharama yote ya jengo, na kwamba latumia umeme pungufu kwa asilimia 35 kuliko wastani wa majengo 6 ya Harare yenye mitambo kamili. Wapo watu walioandika akiba kubwa kuliko hiyo. Mimi nashika hii ndogo, maana katika vitabu vya hesabu ni heri kupunja matumaini kuliko kupunja deni. Hata hivyo asilimia 35 kila mwezi, kwa miaka yote ambayo jengo lasimama, ni mali nyingi.

Habari ya mchwa

Pearce mwenyewe amesema mara nyingi kwamba alijifunza kwa mchwa. Sisi twawajua sana. Ni wadudu haramu kwa nguzo na milango yetu, lakini kumbikumbi wao ni kitoweo, na uyoga uotao kichuguuni mvua zinapoanza ni zawadi ya watoto. Ndani ya kichuguu mchwa hao hulima kuvu, na kuvu wao wataka hali isiyobadilika. Toka miaka ya 1950 mtaalamu wa Uswisi, Martin Lüscher, alieleza kwamba joto la kiota hupanda juu, nayo hewa huzunguka na kurudi imepoa, na hivyo kichuguu hujipoza. Habari hiyo ikaenea ulimwenguni, ikaingia katika vitabu vya wajenzi.

Lakini mwaka 2008 wataalamu wawili, Scott Turner na Rupert Soar, waliokuwa wamepima vichuguu vya Namibia, waliandika kwamba sivyo. Joto la kiota, wasema, lafuata joto la ardhi iliyo kukizunguka. Kile kimo cha kichuguu juu ya ardhi kazi yake hasa ni kama ya mapafu: upepo wa nje wakisukuma na kukivuta, na hewa chafu ya ndani yabadilishana na hewa safi.

Msomaji ataniuliza: Basi, ikiwa hadithi ya mchwa haikuwa sawa, mbona nyumba ya Harare yapoa? Swali hili ni zuri, nami naona humo ndimo mna mafunzo makubwa ya safari yangu. Nyumba yapoa kwa sababu wahandisi hawakujenga kwa hadithi. Mchwa waliwapa wazo. Kisha wakakaa chini wakapima joto la mji, mchana na usiku, wakahesabu uzito wa zege, upana wa njia za hewa, nguvu ya feni na idadi ya watu, wakaijaribu nyumba yote katika kompyuta kabla ya jiwe la kwanza. Wazo liliweza kukosea, na hesabu ikasimama. Laiti wangaliiga umbo la kichuguu peke yake, wangalipata nyumba ya kuchekesha yenye joto.

Nchi yetu je?

Hapa yafaa tutazame kwa makini, maana kuiga bila kupima ni gharama. Njia hii yahitaji usiku wa baridi. Mbeya iko juu mita 1,700 hivi, Arusha kama 1,400, Nairobi karibu 1,800. Iringa na Njombe nako baridi yake yajulikana. Mahali kama hapo usiku ni mali ambayo twaiacha ipite kila siku, huku tukiagiza mashine.

Lakini Dar es Salaam, Tanga au Mombasa ni habari nyingine. Wakati wa joto, mwezi wa Januari na Februari, usiku wa Dar es Salaam hushuka mpaka kiasi cha nyuzi 24 au 25 tu, tena hewa ni nzito kwa unyevu. Ghala la zege halitapata baridi ya kutosha ya kuweka. Huko pwani wazee walikuwa na njia zao. Katika Mji Mkongwe wa Unguja wamejenga kuta nene za mawe ya matumbawe, dari za juu, baraza pana, na vichochoro vyembamba ambavyo nyumba moja yaitupia nyingine kivuli. Mpango wao ulitegemea kivuli na upepo wa kaskazi na kusi. Jengo refu la pwani, basi, lianze na hayo: lipokee upepo wa baharini, liwe na vivuli virefu juu ya madirisha, na kiyoyozi kiwe kwa vyumba vinavyokihitaji kweli, visiwe vyote.

Tena jua letu si la Harare. Kwao lakaa kaskazini sehemu kubwa ya mwaka. Sisi tulio karibu na ikweta twalipata kaskazini miezi kadhaa na kusini miezi kadhaa, basi pande zote mbili zataka kivuli. Na jua la asubuhi na la jioni, lijalo toka mashariki na magharibi likiwa chini, ndilo gumu kuzuiwa; ukuta mrefu wa vioo ukielekea magharibi ni kuliita joto ndani kwa mkono. Kuligeuza jengo katika ramani hakuna gharama. Kuligeuza likiisha kujengwa hakuwezekani.

Nao Pearce hakuiga umbo lake mwenyewe. Alipokwenda Melbourne, Australia, kusaidia kujenga ofisi za halmashauri ya mji zenye orofa 10, zilizofunguliwa mwaka 2006, hakupeleka dohani 48 wala meno ya dungusi. Huko madirisha hufunguka yenyewe usiku ili dari za zege zipoe, na upande wa magharibi mna mbao za kivuli zinazogeuka kwa kufuata jua. Wazo ni lile lile, bali kila mji umevaa nguo yake.

Uzito na msingi

Nisije nikaeleweka vibaya na fundi ye yote, nikaonekana nasema: ongeza zege, nyumba itapoa. Zege ni mzigo, na mzigo wataka msingi, nondo za kadiri, na hesabu ya mhandisi. Tarehe 29 Machi 2013 jengo la orofa 16 lililokuwa likijengwa katika mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, lilianguka, wakafa watu 36. Haki ya kwanza ya mtu aingiaye nyumbani ni kutoka salama, na akiba ya umeme haina maana juu ya kifusi. Kadiri jengo liendavyo juu, nguvu ya upepo nayo yaongezeka, na kila tani iliyowekwa orofa ya juu yabebwa na kila nguzo iliyo chini yake.

Tena saruji yenyewe si bure kwa dunia. Kuipika, mawe ya chokaa huchomwa kwa joto la nyuzi kama 1,450, na viwanda vya saruji vya ulimwengu wote hutoa kiasi cha asilimia 8 ya hewa ya ukaa itokayo kwa kazi za wanadamu. Kwa hiyo mhandisi mwema huweka zege mahali panapohitajiwa, akalipa kazi zaidi ya moja. Katika Eastgate sakafu ile ile ni njia ya kupita watu, ni daraja la kubeba mzigo, ni bomba la hewa, tena ni ghala la baridi. Tao lile la dari laongeza uso wa kumeza joto na larudisha mwanga wa taa chini. Kitu kimoja, kazi nne au tano. Hapo ndipo ilipo akiba ya kweli: zege ambalo lingelipiwa kwa vyo vyote, likafanya na kazi ya mashine isiyonunuliwa.

Maswali ya kuuliza

Najua kati ya wasomaji wamo walio katika kamati za ujenzi, au watakaoingia siku moja. Mchoraji akija na picha nzuri ya rangi, yenye vioo vinavyong'aa na magari mbele, msione haya kumwuliza maneno haya, hata kama ninyi hamkusoma uhandisi.

Kwanza: Udongo wa kiwanja umepimwa, na nani ametia sahihi hesabu za nguzo na msingi?

Pili: Mchana na usiku katika mji wetu joto ni nyuzi ngapi, mwezi kwa mwezi, na jengo latumiaje tofauti hiyo?

Tatu: Jua la saa 9 mchana lapiga ukuta gani, na kivuli chake ni kipi?

Nne: Umeme ukikatika saa 6, mtu wa orofa ya juu ataweza kukaa mpaka jioni?

Tano: Mtambo ukiharibika, kipuri chapatikana wapi, na kwa fedha gani?

Sita: Kwa miaka 20 umeme wa jengo hili utagharimu kiasi gani, na nani atakayelipa?

Mchoraji mwema atafurahi kuulizwa. Asiye na majibu aende akayatafute kabla ya fedha ya watu kumwagwa ardhini. Wahenga walisema, nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Nasi tukiingia katika jengo jipya, tupande mpaka orofa ya mwisho, tukae huko saa moja mchana wa kiangazi, halafu ndipo tulisifu.